Muulize Mwalimu: Gari Linazungumza Kijapani

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua zile ambazo jawabu zake zinaweza kumfaa na mtu mwengine, na zilizokuwa ndefu nimezifupisha. Kwa wasomaji wapya: nimesomesha fizikia skuli za sekondari hapa Unguja kwa miaka ishirini na minane, na magari nimeyapenda tokea utotoni, marehemu baba akiendesha gari la mbao la Makunduchi na mimi nikikaa mbele kama nahodha. Ninayoyasema hapa ni yangu, na anayejua zaidi aniandikie.

Kiembesamaki

*Bi Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa Rajabu nilinunua Toyota iliyotoka Japani moja kwa moja. Kila nikiiwasha, mwanamke huzungumza Kijapani, maneno yale yale, halafu hunyamaza. Mama hataki kuipanda. Redio nayo haishiki stesheni za hapa, isipokuwa moja inayokwaruza. Kijana mmoja anataka laki tatu abadilishe "ubongo wa gari". Nimpe?*

Marahaba mwanangu. Usimpe.

Mwambie mama kuwa mwanamke huyo hana baya lolote. Anasema kadi haijatiwa. Japani barabara kuu nyingi ni za kulipia, na magari ya huko hufungwa kidude kinachoitwa ETC. Dereva hutia kadi yake, na akipita getini pesa hukatwa bila ya yeye kusimama. Kadi alibaki nayo mwenye gari wa kwanza, kwa hiyo kila asubuhi gari linamkumbusha mtu aliye mbali na Kiembesamaki. Kitafute chini ya dashibodi, upande wa goti la dereva, au ndani ya kisanduku cha abiria: ni kidogo, cheusi, kina mdomo mwembamba wa kadi. Fundi umeme akikichomolea waya, sauti imekwisha. Ni kazi ya robo saa, na ubongo wa gari haukuguswa. Dua ya safari someni kila siku. Hiyo haihusiani na Mjapani.

Redio yako si mbovu. Wajapani waliipangia FM yao megahezi 76 hadi 90, baadaye wakaisogeza hadi 95. Sisi tunatumia 88 hadi 108. Kwa hiyo redio yako inaona ncha tu ya stesheni zetu, na hiyo moja inayokwaruza bila shaka iko chini chini. Dawa yake ni kibadilisha masafa, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachofungwa baina ya waya wa eriali na redio. Kazi yake ni kutoa, kama kwenye hesabu. Kuna cha kutoa 10 na cha kutoa 20. Ukifunga cha 20, stesheni ya 98 utaipata kwenye 78. Muulize muuzaji ni cha ngapi kabla hujalipa, halafu mfundishe na mama namba mpya za stesheni anazozipenda. Kama redio yenyewe ni ile yenye ramani ya Japani, ambayo betri ikichomolewa tu inadai diski, mimi ningeitoa nikatia ya kawaida.

Wete

*Assalaamu alaykum Mwalimu. Ni mfanyakazi wa serikali, nina mke na watoto wanne, mkubwa yuko darasa la saba. Nimeweka milioni 13. Kichwa kinaniuma baina ya Vitz na IST. Vitz nasikia hainywi mafuta, IST imenyanyuka kidogo. Msimu wa karafuu hubeba na magunia kutoka shamba. Nichukue ipi?*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umehesabu pesa, umehesabu mafuta, hukuhesabu watu. Wewe, mkeo na watoto wanne ni sita. Vitz ina viti vya watu watano, na IST vile vile. Nani atapakatwa? Mtoto aliyepakatwa hana mkanda, na gari likisimama ghafla mikono ya mama haimzuii. Nimewahi kuwaonesha wanafunzi kwa mkokoteni na tofali: mkokoteni ulisimama, tofali likaendelea na safari.

Kwa hiyo mimi nakutoa kwenye hizo mbili nakupeleka kwenye Sienta. Ilianza kutoka mwaka 2003, ina viti saba kwa safu tatu na milango ya nyuma ya kuteleza, ambayo haigongi ukuta mkiegesha uchochoroni. Safu ya mwisho hukunjwa ikaingia chini ya safu ya kati, na hapo ndipo magunia yako yatakaa. Watu saba au magunia, si vyote kwa pamoja. Injini yake ni 1NZ ya lita moja na nusu, ile ile iliyo kwenye IST ya 1.5 na kwenye Probox, kwa hiyo spea hutahangaika. Lijuwe na udhaifu wake: nyingi ya Sienta hizo zina giaboksi ya CVT, inayoendeshwa kwa mkanda wa chuma badala ya gia za hatua. Giaboksi hiyo ina oili yake peke yake. Fundi akikwambia "oili ya otomatiki ni oili tu", chukua ufunguo wako uondoke.

Vitz sikuidharau. Ya kizazi cha pili, iliyoanza 2005, ya lita moja, ina silinda tatu na ni gari jema kwa mwalimu anayetoka Bububu kwenda mjini peke yake. Lakini Unguja ni tambarare na Pemba ni vilima. Ijaze Vitz watu watano, panda nayo mlima baada ya mlima kutoka Chake hadi Wete, utasikia inavyolia. IST nayo ni Vitz iliyovaa kanzu nzuri. Ilitoka 2002 juu ya msingi ule ule wa Vitz. Unalipia umbo. Wapo wanaoona umbo lile linastahili pesa zake, na sigombani nao.

Aina ya gari ukishaichagua, kazi kubwa bado. Mwaka 2011 nilinunua Corolla nyeupe kwa mtu aliyekuwa akiuza magari nyumbani kwake. Iling'aa. Niliizunguka mara tatu, nikafungua boneti, nikasikiliza injini, nikalipa. Yalipoingia masika nikapita kwenye dimbwi Mwanakwerekwe, na maji yakanirukia miguuni nikiwa ndani. Fundi aliponyanyua zulia tulikuta kipande cha bati la debe kimegandishwa kwa lami na kupakwa rangi. Chini ya bati hapakuwa na kitu, unaiona barabara. Injini ilikuwa nzima kabisa. Muuzaji alisema hakujua, na mimi sikuwa na ushahidi wa kumpinga. Siku ya kununua sikuinama, ndilo kosa langu, na tokea siku hiyo sinunui gari nililolitazama nimesimama tu.

Hokkaido na maeneo mengine ya kaskazini ya Japani, barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa theluji ili barafu iyayuke. Gari la huko laweza kuwa na mileji ndogo, viti visafi, na chini limeshaliwa. Halafu linaletwa kwetu, ambako upepo wa bahari hauna siku ya mapumziko.

Basi fanya hivi. Kama unaagiza, dai karatasi ya mnada ya Japani, nakala ya yenyewe, si maelezo ya wakala. Juu pana alama: 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 limechoka kidogo, na ukiona herufi R ujue liliwahi kuumia likatengenezwa. Pana na mchoro wa gari lililofunuliwa kama samaki wa kukausha, na herufi pembeni. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pahala palipotengenezwa. Hizo zisikutishe. Zinazonitisha mimi ni S, yaani kutu, kwa Kijapani *sabi*, na C, kutu iliyokwishakula. Kama unanunua hapa hapa, tandika jamvi, lala chini ya gari na tochi. Gonga chuma kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hujibu kwa sauti kali, kilichooza hujibu kama boga. Nyanyua zulia la buti, toa tairi la akiba, tazama shimo lake. Hapo ndipo maji hutuama na hapo wapaka rangi huwa wamechoka.

Ukishalipata, lipakwe dawa ya kutu chini kabla ya msimu wa karafuu. Wenzako wanaanza kwa kununua kava za viti.

Fuoni

*Bi Mwalimu, mimi fundi rejeta. Toleo lililopita ulimwambia msomaji achanganye kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu na maji nusu. Maji gani? Watu watachukua ya kisima halafu wataniletea mimi.*

Umenisahihisha, na ahsante. Nilipaswa kusema maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, au kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani. Visiwa vyetu vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyetu vingi huja na chokaa. Anayetaka ushahidi atazame ndani ya birika lake la chai: ule ugaga mweupe ndio unaojenga ndani ya rejeta, kwenye vijia vyembamba kama tambi. Birika likiziba unalisugua kwa ndimu. Rejeta ikiziba injini inachemka, na silinda hedi, kichwa cha injini, ikipinda ndimu haisaidii. Visima vya pwani ni vibaya zaidi kwa sababu vina na chumvi.

Chake Chake

*Mwalimu shikamoo. Nilinunua jiko la umeme la kupikia wali, la mtumba kutoka Japani, zuri, lina maua pembeni. Nililichomeka, likatoa cheche na moshi, na wali ukabaki mbichi. Muuzaji anasema umeme wa Pemba mbaya. Kweli?*

Pole sana mwanangu, na nimefurahi kuwa ulichounguza ni jiko tu. Umeme wa Pemba haukosi makosa yake, lakini hili si lake.

Geuza jiko utazame kibandiko cha chini. Utakuta maandishi ya Kijapani na namba unayoweza kuisoma: 100V. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Wengi hudhani kitu hicho kitapata moto mara mbili na ushei. Sivyo. Moto wa waya wa jiko hupanda kwa mraba wa volti, na 2.3 mara 2.3 ni 5.29. Kwa hiyo jiko la wati 600 ulilitaka litoe wati zaidi ya 3,000, kwenye sahani ile ile. Lisingeweza hata kwenye umeme bora duniani.

Naona uchungu kwa sababu vitu hivi huja kwenye makontena pamoja na spea za magari na baiskeli, na wanaovinunua mara nyingi ni kina mama wenye pesa ndogo waliyoipanga. Muuzaji anayevijua na akanyamaza anafanya dhuluma. Anayeuza na asiyejua, ndiyo haya namwambia.

Transfoma ya kushusha volti ipo, lakini kwa jiko sikushauri. Utahitaji kubwa, nzito, ya wati 1,000 au zaidi, na pesa hiyo inanunua jiko jipya la volti 220 lenye plagi ya pini tatu. Kwa cherehani la umeme la Kijapani nasema kinyume chake: nunua, tena kwa furaha. Mota yake ni ndogo, transfoma ndogo inatosha, na ufundi wake huupati kwenye mashine mpya ya bei hiyo. Andika tu kwa wino mkubwa juu ya plagi, *MIA*, ili mtoto asije akaichomeka ukutani.

Mkoani

*Feni yangu ya dari inazunguka polepole hata nikiiweka namba tano, na kuianzisha lazima niisukume kwa ufagio. Nunua nyengine?*

Hapana. Ni kapasita, kidude kidogo kama pipi ya boksi kilicho ndani ya kikombe cha juu cha feni. Kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kuanzia, na kikichoka feni inakuwa kama unavyoeleza. Zima umeme kwenye meni, si kwenye swichi peke yake, kitolewe, ukanunue chenye namba ile ile ya maikrofaradi. Bei yake haifikii ya kuku. Kama hata baada ya hapo ni nzito na inakwaruza, basi ni bearingi.

Jambiani

*Bi Mwalimu, natembeza wageni kwa Escudo. Nataka matairi ya mtumba, yana meno mazuri. Na je, kuna ubaya gani kuwapitisha wageni pwani maji yakipwa? Wanapenda kupiga picha.*

Meno si umri. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, ufuate mpaka mwisho, utaona namba nne ndani ya duara refu. 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Likiwa halina namba hizo, au zimekwanguliwa, usilinunue. Mpira hukauka hata ukiwa ghalani, na jua letu linamaliza. Mimi likivuka miaka sita nalichunguza kila mwezi, na likifika kumi silipandishii mtu hata likiwa na meno ya simba. Tazama hasa ubavu: ukiukunja ukaona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, liache hapo hapo.

Pwani usiende, mwanangu. Gari nitalisema, lakini kwanza tuseme watu. Maji yakipwa Jambiani, kule chini ndiko kina mama waliko na mashamba yao ya mwani, wameinama, mgongo kwako, na upepo unawazibia masikio. Na watoto wako hapo. Picha ya mgeni haina uzito huo.

Kuhusu gari: maji ya bahari yakiingia kwenye breki na kwenye bearingi za magurudumu huanza kula siku hiyo hiyo, na Escudo za zamani zina chesisi yenye vyumba ndani ambavyo mchanga wa chumvi ukiingia hautoki. Kama ulishapita, lioshe chini usiku huo huo kwa maji ya bomba. Si ya kisima cha pwani. Utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Malindi, Mji Mkongwe

*Mwanangu Mwalimu. Nina Vespa PX tokea miaka ya themanini. Siku hizi inatoa moshi mpaka watu wa barazani wananilalamikia, na mara mbili imenizimikia mbele ya Forodhani. Mwanangu wa kiume anataka niiuze ninunue skuta mpya ya otomatiki. Nina miaka sabini na moja. Unasemaje?*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Kabla ya jambo lolote niambie unachanganya oili kiasi gani. PX hizo hutaka asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, na lita tano mililita 100. Wazee wengi wanatia kwa jicho, "na kidogo ya baraka", na hiyo kidogo ndiyo moshi wako. Oili iliyozidi haiungui ikamalizika. Inaacha masizi kwenye plagi na kwenye ekzosi, na injini inakosa pumzi, inazima. Tafuta chupa ya maziwa ya mtoto mchanga, ina mistari ya mililita ubavuni, uifanye kipimo chako. Nunua oili ya tu-stroku, si ile ya gari. Fundi akuvulie ekzosi aichome masizi, akubadilishie plagi, asafishe kabureta. Ningeshangaa kama moshi hautapungua sana ndani ya wiki mbili.

Halafu mwite mwanao mtazame pamoja sakafu, pale unapoweka miguu. Vespa haina chesisi ya mabomba kama pikipiki. Tangu Piaggio walipoitoa ya kwanza Pontedera, Italia, mwaka 1946, bodi ya bati ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo kutu ya sakafu si suala la sura. Bonyeza kwa kidole gumba kila inchi. Ikiwa ngumu, unacho chombo ambacho kila kitu chake kinafunguka kwa spana chache, magurudumu mawili yanayobadilishana, na la akiba limelala chini ya kifuniko cha kushoto. Skuta mpya ya otomatiki ni nyepesi kuianza, nakubali, haina kuhangaika na gia mkononi. Lakini maganda yake ni plastiki, na siku likivunjika moja sijui utalipata wapi Darajani.

Ningeuliza jambo moja tu kabla ya kukwambia usiiuze: goti lako la kulia likoje kwa kupiga stata? Kama linauma kila asubuhi, basi mwanao ana haki na nitanyamaza. Kuna PX zenye stata ya umeme, lakini kama yako si hiyo, goti ni lako na si la kubadilisha.

Na ikiwa itabidi iuzwe, mzee wangu, niandikie mimi kabla hujamwambia mtu barazani. Nitakuja nayo chupa ya maziwa.